Kabla mawimbi hayajafika kwenye dishi

Picha unayoitazama kwenye king'amuzi husafiri ikiwa imekatwakatwa vipande vya baiti 188 kila kimoja. Safari yake ndefu ni ile ya angani: setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka huchukua karibu robo ya sekunde. Lakini kwa miaka yote niliyofanya kazi ya mitandao kwenye vituo vya kurusha matangazo, huko juu sijapata tabu sana. Tabu iko chini, kwenye waya za mita chache kati ya enkoda, kifaa kinachobana picha, na multipleksa, kinachounganisha chaneli nyingi kuwa mkondo mmoja, na kwenye mkongo unaotuletea chaneli kutoka kwa wenyewe.

Hesabu ya angani ni nyepesi. Transponda, yaani sehemu ya setilaiti inayopokea mawimbi na kuyarudisha chini, ikibeba simboli (alama za mawimbi zinazobeba data) milioni 27.5 kwa sekunde, kwa mfumo wa zamani wa matangazo ya setilaiti, DVB-S, na robo moja ya nafasi ikitengwa kwa kusahihisha makosa, hutoa takriban megabiti 38 kwa sekunde. Ukihamia mrithi wake, DVB-S2, kwa 8PSK, moduleshoni inayopakia biti tatu katika kila simboli, transponda ileile inafika kama megabiti 61. Hapo zinaenea chaneli tisa au kumi za HD, kwa sababu multipleksa hugawa nafasi kadiri ya mahitaji: mpira unapochemka hupewa zaidi, na msomaji wa habari aliyetulia kitini hupunguziwa. Ikibaki nafasi haiachwi wazi. Hujazwa pakiti tupu, zile zenye namba 8191, kwa kuwa mkondo unaopanda lazima uwe na kasi isiyobadilika. Na mzigo huo hauongezeki hata chembe, atazame mtu mmoja au watu milioni tano.

Sasa megabiti 60 ni kitu gani kwa swichi, kifaa kinachogawa data ndani ya mtandao wetu, yenye gigabiti 10? Ndiyo maana mameneja huuliza kwa nini tunang'ang'ania laini maalumu ya gharama kubwa wakati intaneti ya kawaida inatoa gigabiti nzima kwa bei ya chini. Swali ni la haki, na jibu lake halihusu upana wa njia. Ndani ya mtandao, vipande saba vya baiti 188 hufungwa pamoja kuwa pakiti moja ya UDP, itifaki inayotuma data bila kungoja jibu, yenye baiti 1,316. Mkondo wa megabiti 60 ni kama pakiti 5,700 kila sekunde. Ikipotea pakiti moja tu katika kila milioni, kiwango ambacho mtu anayefungua barua pepe hatakijua maishani mwake, sisi tunapata doa la picha au mkwaruzo wa sauti karibu kila dakika tatu. UDP yenyewe haina namna ya kuomba pakiti itumwe tena, na mkondo wa kwenda angani haungoji. Ninapopima laini, kwa hiyo, kasi naitazama mwisho. Kwanza nataka kujua inapoteza pakiti ngapi na inazifikisha kwa mpangilio gani.

Dawa yetu kubwa ni kutuma mkondo uleule kwa njia mbili. Kifaa cha kupokea husoma namba za pakiti, huchukua ile iliyowahi, na iliyopotea upande mmoja hujazwa na ya upande wa pili bila mtazamaji kuhisi lolote. Inafanya kazi vizuri mno, mradi njia ziwe mbili kweli. Nimewahi kuona mikongo ya kampuni mbili tofauti, mikataba miwili, ankara mbili, ikipita ndani ya bomba moja chini ya barabara moja. Tingatinga lilipochimba, zote zilikatika kwa pigo moja. Tangu siku hiyo sikubali neno la mtu wa mauzo. Naomba ramani ya mtaro wenyewe.

Tukio lililonifundisha zaidi lilitokea usiku, tulipobadilisha swichi kuu. Tuliwasha mpya, chaneli zikarudi zote, tukaanza kukusanya zana. Ilipofika dakika ya nne na sekunde ishirini hivi, skrini za ukuta mzima zikawa nyeusi. Tukawasha upya multipleksa, picha zikarudi. Dakika nne na ziada, giza tena. Mara ya tatu nilishika saa mkononi: sekunde 260. Namba hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Ndani ya kituo chaneli husafiri kwa multikasti, yaani mtumaji mmoja hutuma nakala moja na swichi huifikisha kwa vifaa vilivyoiomba peke yake. Maombi hayo hupita kwa itifaki ya IGMP, na lazima awepo mmoja kwenye mtandao anayezunguka akiuliza, kwa kawaida kila sekunde 125, "Nani bado anaihitaji chaneli hii?" Vifaa hujibu, na swichi huendelea kuwapa. Asipokuwepo wa kuuliza, hakuna anayejibu. Mizunguko miwili ikipita na sekunde 10 za nyongeza, swichi huona hakuna mhitaji na kufunga njia. Muulizaji alikuwa ile swichi tuliyoing'oa. Mpya ilijua kusikiliza majibu lakini haikuamriwa kuuliza. Mstari mmoja wa amri ukatosha.

Upande wa programu za simu, hesabu yote inapinduka. Huko kila mtazamaji ana mkondo wake: watu 100,000 kwa megabiti 5 kila mmoja ni gigabiti 500 kwa sekunde, kwa chaneli ileile moja. Hakuna kituo kinachoweza kuzisukuma zote kutoka chumba chake, ndiyo maana nakala huwekwa kwenye seva zilizo karibu na watazamaji, ndani ya mitandao ya watoa huduma. Na kwa sababu video hiyo hukatwa vipande vya sekunde kadhaa, na simu hukusanya vipande viwili vitatu kabla ya kuonyesha, mwenye dishi hushangilia bao huku wa simu bado anaona mpira katikati ya uwanja.

Kazi ninayoifurahia siku hizi inaziunganisha pande hizo mbili. Badala ya kila seva ya pembezoni kuvuta chaneli za mubashara kupitia mkongo, tunafunga dishi kando yake. Vipande vya video vinapanda angani mara moja tu, vinashuka kwenye seva zote kwa wakati mmoja, na mkongo unabaki kwa vile vilivyopotea njiani na kwa vipindi vya zamani ambavyo kila mtu anavitazama kwa saa yake.