Furu ni furu tu? Muulize jike

Furu wakishamwagwa kwenye beseni pale mwaloni, wote wanafanana: visamaki vya kijivu, miba mingi, bei ya fungu. Rangi zao zimeshapauka kwa kufa. Lakini Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na tofauti kati ya nyingi kati ya hizo unaiona kwa dume aliye hai tu.

Chukua aina mbili zinazoishi kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza. Pundamilia pundamilia, dume wake ni wa buluu. Pundamilia nyererei, dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. (Naam, ni punda milia huyo huyo, na Nyerere huyo huyo. Safari hii Kilatini ndicho kilichoazima kwetu.) Majike wao ni wa njano iliyofifia, wamefanana mno. Na wakichanganyika, watoto wanaishi na kuzaa bila shida. Nani basi anawatenganisha?

Dhana: dume hukimbiza, jike hana kauli.

Dume ana eneo lake kwenye mawe, analilinda kwa vita. Jike akipita, dume hutandaza mapezi yote, hutetemeka mwili mzima, kisha huongoza njia kuelekea penye kutagia. Mara nyingi jike huondoka zake, na hapo hakuna la kumfanya. Akiridhika, hutaga mayai machache, hugeuka na kuyaokota mdomoni papo hapo. Kwenye pezi la chini, karibu na mkia, dume ana madoa ya njano mfano wa mayai. Mwaka 1962 mtafiti Wolfgang Wickler alieleza kwamba jike huyadonoa kama mayai aliyoyasahau, na mbegu za dume zikamfikia humo humo mdomoni. Baada ya hapo ni yeye anayetembea na mzigo huo kwa karibu wiki tatu, huku dume akitetemekea mwingine. Mwenye gharama kubwa hivyo lazima awe mchaguzi.

Dhana: rangi ni pambo la bure.

Rangi inayomvuta jike humvuta na adui. Kwenye vijito vya kisiwa cha Trinidad, huko Karibi, mtafiti John Endler aliona madume wa gapi, visamaki vya mtoni, waking'ara pale penye maadui wachache na kufifia pale penye wengi. Alipowahamishia wale waliofifia mahali salama, uzao wao uliongezeka madoa ndani ya miaka miwili hivi.

Dhana: kwa samaki wote, jike ndiye huchagua.

Hapana. Farasi-bahari dume ndiye hubeba mimba, na kwa baadhi ya jamaa zake wembamba kama kijiti, majike ndio hujipamba na kugombea madume.

Dhana: furu walimalizwa na sangara peke yake.

Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka kwa kishindo miaka ya 1980 alikula furu vibaya sana. Hilo halina ubishi. Lakini tunapenda kumtwika yeye lawama yote, tukisahau mbolea, udongo na maji taka yetu yaliyolisha mwani na kulitia ziwa ukungu.

Na ukungu huo unamhusu jike. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike wa aina zile mbili mbele ya dume wa buluu na dume mwekundu. Chini ya mwanga mweupe, kila jike alimwendea dume wa aina yake. Walipowasha mwanga wa rangi ya chungwa uliofuta tofauti ile, majike waliacha kubagua. Matokeo yao kuhusu uchafu wa maji na furu yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1997.

Ziwani ni vivyo hivyo. Katika maji haya, mwanga wa buluu hupotea mapema na mwekundu hushuka zaidi, ndiyo maana nyererei hukaa chini kuliko mwenzake. Kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, buluu ni buluu na nyekundu ni nyekundu. Ukiingia ndani ya ghuba hadi kisiwa cha Luanso, kwenye maji ya tope, hakuna aina mbili: madume ni wa rangi za katikati, mchanganyiko mmoja, na jike hana cha kuchagulia.