Alaimenti ya nyumbani baada ya kuinua pikapu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Pikapu ikiinuliwa mbele, iwe kwa springi ndefu, kwa spesa (kipande cha kuongeza kimo) au kwa kukaza toshenibaa (fimbo inayojisokota na kufanya kazi ya springi), magurudumu hayabaki yalivyokuwa hata kama hakuna aliyegusa usukani. Aamu za sasipenshoni zimebadilika mlalo, tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu) zimebadilika nazo, na kila kimoja kinapita kwenye tao lake. Mengi yanayosemwa kuhusu kurekebisha hali hiyo nyumbani, yaani kufanya alaimenti (kupanga pembe za magurudumu), si kweli, na gharama yake ni matairi mapya kuisha mapema, au gari kutotulia barabarani likiwa na watu ndani.

"Gari halivuti upande, basi alaimenti iko sawa"

Dhana hii inakula matairi kuliko nyingine zote. Too ni tofauti ya umbali kati ya matairi mawili ukipima mbele yake na ukipima nyuma yake. Matairi yote mawili yakielekea nje, au yote yakielekea ndani, yanapingana kwa nguvu sawa na gari linanyooka vizuri tu. Lakini yanasuguliwa muda wote. Chukua tairi la kipenyo cha milimita 760 na kosa la too la milimita 6 kwa jumla. Kwa pembe hiyo, kila kilomita moja ni sawa na kuburuta kila tairi kando karibu mita 4. Dereva anaweza asihisi chochote. Anayejua ni mkono: pitisha kiganja juu ya kashata (vipande vilivyoinuka) za tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha rudi. Kama upande mmoja ni laini na ukirudi panakwaruza, too imekosewa.

Kuvuta upande kuna visababishi vingine: upepo usiolingana, tairi lenye kasoro, breki inayoshika, au kemba na kasta zisizolingana kushoto na kulia. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kutoka mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu linageukia, ukitazama kutoka ubavuni.

"Bila mashine unabahatisha"

Si kweli, hasa kwa too. Unachohitaji ni sakafu tambarare, futi ya kupimia, chaki na uvumilivu. Linganisha upepo wa matairi, weka usukani katikati, sukuma gari mbele mita chache kisha liache lisimame lenyewe. Chora mstari mwembamba nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, na upime umbali kati ya mistari hiyo miwili. Kisha sukuma gari mbele tena mpaka alama zilezile zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile, na upime upya. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo too. Kwa kuwa umetumia alama zilezile, rimu iliyopinda kidogo haikudanganyi. Usirudishe gari nyuma katikati ya kazi, maana ulegevu mdogo ulio kwenye viungo hulalia upande mwingine na kipimo kinabadilika. Chesisi ikizuia futi isipite, shusha timazi kutoka kwenye alama na upime sakafuni.

Kitabu cha gari kikitoa kipimo kwa digrii, kumbuka kwamba digrii 0.1 kwenye tairi la milimita 760 ni kama milimita 1.3. Futi inaliona hilo ukipima kwa makini, na ukarudia.

Wengine hufunga kamba ubavuni mwa gari kutoka nyuma hadi mbele ili kupima kila gurudumu peke yake. Ni njia nzuri sana, ila kamba isiegemezwe tu kwenye matairi ya nyuma. Magari mengi yana upana tofauti kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo panga kamba kwa umbali kutoka vitovuni.

Kemba hupimwa kwa pimamaji ya kidijitali iliyoegemezwa kwenye kingo za rimu. Hata kasta inapimika: weka chini ya kila tairi mabati mawili yenye grisi katikati ili lizunguke bila kukwama, soma kemba gurudumu likiwa limegeuzwa digrii 20 nje, soma tena likiwa digrii 20 ndani, kisha zidisha tofauti kwa takriban 1.5.

"Rekebisha gari likiwa juu ya jeki, ni rahisi kufikia"

Legeza nati huko juu ukitaka, juu ya stendi imara, lakini usipime. Magurudumu yakining'inia, kemba na too ni za gari lisilo na uzito. Kosa hilohilo huharibu bushi za mpira: ukikaza boliti za aamu gari likiwa limening'inia, bushi hubaki zimesokotwa gari linaposhuka, na huchanika mapema. Kaza mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

"Panga too, mengine yatajipanga"

Utaratibu ni kinyume. Kasta na kemba hutangulia, too huja mwisho, kwa sababu kuzigusa mbili za kwanza kunaihamisha too. Baada ya kuinua gari, kasta ndiyo mara nyingi hupungua, na dalili yake ni usukani usiorudi wenyewe baada ya kona na gari linalotangatanga kwenye mwendo. Boliti za kurekebishia zina mwisho wake. Zikifika ukingoni na kipimo bado hakijapatikana, hakuna ujanja: ama punguza kimo, ama weka aamu za juu zilizotengenezwa kwa kimo hicho.

Ekseli nzima ya mbele, yaani mhimili mmoja unaobeba magurudumu yote mawili, ina tabia nyingine. Tairodi yake inaunganisha magurudumu moja kwa moja, hivyo kuinua gari huathiri too kidogo sana. Kinachohama ni kasta, pamoja na usukani kukaa kombo, na huo hunyooshwa kwenye fimbo inayotoka kwenye boksi la stelingi.

"Zungusha tairodi moja, inatosha"

Too itapatikana na usukani utapinda. Kwenye sasipenshoni huru, ambapo kila gurudumu lina aamu zake, gawa marekebisho nusu kwa nusu, kushoto na kulia. Hakikisha mpira unaofunika mwisho wa reki (sehemu ya usukani inayosukuma tairodi) haujisokoti unapozungusha, hesabu nyuzi za skrubu zilizobaki ndani, na ufunge nati zake barabara.

"Shokapu ya usukani inaponya mtikisiko"

Inauficha. Mtikisiko mkali wa ekseli nzima karibu kila mara una ulegevu nyuma yake: boljointi, tairodi, bushi, au fimbo inayoizuia ekseli isiende kando. Mtu atikise usukani huku wewe ukishika kila kiungo kwa mkono. Hakuna alaimenti inayokaa juu ya kiungo kilicholegea, kwa hiyo ukaguzi huu uje kabla ya chaki na futi.

"Ikishapangwa, imepangwa"

Springi mpya hushuka kidogo zikizoea uzito, na kimo kikibadilika vipimo hubadilika. Rudia kupima baada ya kilomita mia kadhaa. Na kama gari lina mfumo wa kuzuia kuteleza unaosoma pembe ya usukani, au kamera ya kulinda mstari wa barabara, vifaa hivyo huenda vikahitaji kusawazishwa upya kwa kompyuta. Kazi hiyo ipelekwe karakana.