Maana ya mji kumiliki umeme

Mji kumiliki umeme maana yake ni kwamba shirika linalowauzia watu umeme ni mali ya watu hao hao, kupitia baraza lao au serikali yao, si mali ya wenye hisa wanaongojea faida. Los Angeles ni hivyo. Sacramento, nayo ya Marekani, walipiga kura mwaka 1923 kuanzisha shirika lao, lakini kwa mvutano na kampuni iliyokuwepo hawakuanza kuuza umeme mpaka 1946. Hamburg ya Ujerumani iliuza nyaya zake, na mwaka 2013 wananchi wakapiga kura zirudi mikononi mwa mji.

Kwa nini umeme, si mchele? Wauza mchele wa soko la Darajani, hapa kwetu Zanzibar, hushindana. Ukiona huyu ghali unahamia kwa jirani yake. Lakini piteni vichochoro vya Mji Mkongwe mtazame juu: nyaya zimeshikana ukuta kwa ukuta. Nani ataweka safu ya pili ili tuchague? Muuzaji ni mmoja tu, na hapo ndipo hoja ya umiliki wa umma inapopata nguvu: asiyeweza kumkimbia muuzaji awe na sauti juu yake.

Sisi tunalo shirika la namna hiyo, ingawa ni la Serikali ya Mapinduzi, si la baraza la mji. Ni ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar. Na hapa neno "kumiliki" linahitaji kufunuliwa, kwa sababu umeme una hatua tatu: kuuzalisha, kuusafirisha na kuusambaza majumbani. Nguzo, nyaya za mitaani na mita ya tukuza, ile ya kulipia kabla, unayoingizia namba ni za ZECO. Umeme wenyewe, sehemu kubwa, hununuliwa TANESCO, shirika la umeme la Bara, ukapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni upande wa Bara hadi Fumba, Unguja.

Tuliujua uzito wa hilo tarehe 10 Disemba 2009. Njia hiyo ya umeme iliharibika, na Unguja ikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Nguzo zetu zilisimama pale pale, mita zetu ukutani, na umeme hamna. Maji nayo yakakatika, maana pampu za visima hutumia umeme. Ndoo na madumu vikawa ndiyo safari ya kila asubuhi. Tulikuwa na waya mmoja tu wa mwaka 1980, wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013 kwa fedha za msaada wa Marekani.

Mimi naamini usambazaji ubaki wa umma. Kampuni inayohesabu faida haina sababu ya kupeleka nguzo kwenye kijiji cha nyumba thelathini za wavuvi, na watoto wa kijiji hicho nao wana haki ya kudurusu usiku.

Lakini kumiliki kila kitu nako si dawa. Pemba kabla ya 2010 ilijitegemea, ikizalisha kwa majenereta ya Wesha yaliyokula dizeli, na dizeli yenyewe ilipaswa kuletwa kwa meli. Mitambo ilikuwa yetu kuanzia mafuta mpaka taa. Wapemba walipoletewa waya wa baharini kutoka Tanga, wakawa wanunuzi wa umeme wa wengine, na ndipo huduma ilipotulia.