Granada si Alhambra peke yake: dhana potofu za wageni na ukweli wake

Mtu akipata siku tatu za kutembea Hispania, mawazo humwendea Barcelona au Madrid. Granada, mji wa Andalusia kusini mwa Hispania, huambulia nusu siku: basi la watalii linapanda kilimani asubuhi, linashuka mchana, safari imekwisha. Naona ni hasara kubwa, na inaletwa na maneno yanayorudiwa kila mara kuhusu mji huu, maneno ambayo ukiyapima hayasimami.

“Ukishaiona Alhambra, umeimaliza Granada”

Alhambra yenyewe haimaliziki kwa nusu siku. Ni mji mzima wa kifalme juu ya kilima, wenye ngome, makasri na bustani za Generalife. Ujenzi wake ulianzishwa mwaka 1238 na Muhammad wa Kwanza, mwasisi wa ukoo wa Wanasri, masultani Waislamu waliotawala Granada.

Ng'ambo ya bonde la mto Darro kuna mtaa wa Albaicín, ambao UNESCO iliuongeza mwaka 1994 kwenye urithi wa dunia, miaka 10 baada ya Alhambra. Ni mtaa wa vichochoro vya mawe, kuta nyeupe na miti ya matunda inayochungulia juu ya kuta hizo. Ukifuata njia ya kando ya mto utafika Bañuelo, hamamu ya karne ya 11, ambayo dari yake ina matundu ya nyota yanayoingiza mwanga. Kule chini mjini kuna Corral del Carbón, jengo la karne ya 14 ambamo wafanyabiashara walilala na kuweka shehena zao. Uani unaingia bure.

Kuhusu Alcaicería, soko linalosifiwa kuwa la enzi za masultani, tahadhari kidogo: soko la zamani liliteketea kwa moto mwaka 1843, na unaloliona lilijengwa upya baadaye, tena dogo zaidi. Pita ukitaka zawadi, ila usilipe bei ya historia.

“Tiketi nitanunua getini”

Hapana. Tiketi za Makasri ya Wanasri huisha mapema, wakati mwingine wiki kadhaa kabla, hasa majira ya kuchipua na ya kiangazi. Nunua mtandaoni, kwenye tovuti rasmi ya Alhambra. Tiketi huandikwa jina lako, kwa hiyo beba pasipoti, na huandikwa pia saa ya kuingia makasrini. Ukichelewa saa hiyo, sehemu hiyo umeikosa hata kama bustani na ngome bado unaruhusiwa.

Ila aliyekosa tiketi asikate tamaa. Lango la Haki, lililojengwa mwaka 1348, na kasri la Mfalme Carlos wa Tano lenye ua wa duara huingiwa bila kulipa. Kutoka Plaza Nueva unapanda kwa miguu, dakika 20 hivi, chini ya miti mirefu.

“Ni kasri la marumaru na dhahabu”

Hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu ukweli wake unastaajabisha kuliko dhana yenyewe. Marumaru ipo, kwenye nguzo na sakafu, lakini kuta ni udongo mwekundu ulioshindiliwa, na nakshi zile zinazofanana na lesi ni plasta. Dari la ukumbi mkuu wa Comares limeungwa kwa zaidi ya vipande 8,000 vya mbao. Nakshi nyingi zilipakwa rangi kali, na ukisogea karibu na pembe zilizojificha utaona mabaki ya buluu na nyekundu. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya Lamu yenye zidaka hatahitaji kuelezwa plasta inaweza kufanya nini mikononi mwa fundi.

Kuta hizo pia zinasomwa. Kaulimbiu ya Wanasri, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, imechongwa kila upande. Kwenye Ua wa Simba, ukingo wa beseni lililobebwa na simba 12 una shairi la Ibn Zamrak, aliyekuwa waziri, linaloshangaa kama kinachotiririka ni maji au ni jiwe lenyewe. Wageni wengi hupiga picha ya simba wakaondoka. Tulia, zunguka beseni lote.

“Waislamu waliondoka mwaka 1492, hadithi ikaishia hapo”

Tarehe 2 Januari 1492 Boabdil, sultani wa mwisho, alikabidhi mji kwa Isabel na Fernando, watawala Wakristo wa Hispania. Watu wake wengi hawakuondoka. Mkataba wa mwaka 1491 uliwaahidi dini yao, misikiti yao na sheria zao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka 10. Kuanzia 1499 Askofu Mkuu Cisneros aliwalazimisha kubatizwa, na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani katika uwanja wa Bib-Rambla. Vizazi vyao, Wamorisko, waliasi mwaka 1568, wakashindwa, wakatawanywa, na hatimaye kati ya 1609 na 1614 wakafukuzwa Hispania. Uwanja ule leo umejaa mikahawa na wauza maua. Nenda, ni mahali pazuri, ila ujue umekaa wapi.

Isabel na Fernando wamezikwa kwenye Kanisa la Kifalme, katikati ya mji. Hatua chache mbele yake kuna madrasa iliyoanzishwa na Sultani Yusuf wa Kwanza mwaka 1349, na ndani yake chumba cha sala chenye mihrabu kimesalia. Na mwaka 2003 ulifunguliwa msikiti mpya Albaicín, ubavuni mwa uwanja wa San Nicolás, wa kwanza kujengwa mjini humo baada ya miaka 500. Bustani yake inatazamana na Alhambra.

“Huko hakutuhusu sisi wa pwani”

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Takriban miaka 20 baadaye akafika Granada. Sultani Yusuf alikuwa mgonjwa, hawakuonana, ila mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Mjini humo alikutana na kijana msomi, Ibn Juzayy, ambaye baadaye huko Fez ndiye aliyeandika simulizi za safari zake. Yale tunayoyasoma kuhusu Kilwa ya wakati ule yalipitia kwenye kalamu ya mtu wa Granada.

“Chakula cha Hispania ni paella na nguruwe”

Paella ni ya Valencia. Granada ina desturi yake: ukiagiza kinywaji, hata soda, unaletewa tapa, kisahani cha chakula, bila kulipia zaidi. Asiyekula nguruwe aseme mapema, *sin cerdo* (bila nguruwe), maana hata maharagwe mara nyingi hupikwa na jamón, paja la nguruwe lililokaushwa. Agiza biringanya zilizokaangwa na kumiminiwa asali ya miwa. Kwenye kichochoro cha Calderería Nueva kuna nyumba za chai na migahawa ya Kimoroko. Chakula cha mchana huanza saa nane, cha jioni saa tatu usiku, na ukifika saa kumi na mbili utakuta jiko limefungwa.

“Andalusia ni joto mwaka mzima”

Granada iko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada, ambayo kilele chake, Mulhacén, kina jina la babake Boabdil. Januari usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri na watu huteleza kwenye theluji kule milimani, wakati Julai joto hupita nyuzi 35. Chagua Aprili, Mei au Oktoba, na ubebe koti la jioni.