Madeni Mengi Huanzia Kwenye Aibu

Watu wanaofika kwenye dawati letu la ushauri wa mikopo hapa Dar es Salaam huanza kwa kulaumu kipato. Kipato kidogo ni tatizo la kweli, sibishi. Lakini wapo mafundi cherehani wa Manzese wanaoishi kwa riziki ya kubahatisha na hawadaiwi na mtu, na wapo wenye mishahara minono ambao mwisho wa mwezi fedha inapita tu kwenye akaunti kwenda kwa wanaowadai. Kwa ninavyoona kazini, kinachowatofautisha zaidi ni uwezo wa kuvumilia aibu ndogo.

Chukua mchango wa harusi. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, kamati inabandika orodha ya ahadi, jina lako liko pale mbele ya wafanyakazi wenzako na mashemeji. Kadi ni 50,000 kwa mmoja, 100,000 dabo. Fulani kaahidi 200,000, nawe unaandika 100,000 ambayo huna. Mweka hazina akianza kukumbushia, unabonyeza simu, unakopa. Asiyependa madeni anaandika 20,000, anaituma siku hiyohiyo, na kadi asipopata anampigia bwana harusi kumpongeza. Watamsema, ndiyo. Wiki mbili baadaye wanaosema wana harusi nyingine ya kujadili.

Aibu hiyohiyo huwafunga watu midomo mbele ya mkopeshaji. Mama lishe wa Buguruni anahitaji 300,000 kuongeza mtaji. Anakatwa 15,000 ya fomu, anapokea 285,000, na anatakiwa kurejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Kwa siku moja inaonekana ndogo, ni sahani chache tu za wali maharage. Zidisha: 390,000. Kwa mwezi mmoja ametoa 105,000 juu ya fedha aliyoipokea, na siku ya mvua, wateja wasipotokea, rejesho linadaiwa vilevile. Ndiyo maana mitaani mikopo hii wameiita kausha damu. Sasa linganisha: wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za wateja, wenye leseni ya Benki Kuu wamewekewa ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa 300,000 ni 10,500.

Mzoefu anauliza bila haya: mkononi napokea kiasi gani, jumla narejesha kiasi gani, nikichelewa siku moja inakuwaje, na leseni yako iko wapi? Anaomba mkataba asome nyumbani. Mkopeshaji akikunja uso, anaondoka. Leseni si urembo wa ukutani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaitaka, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Programu inayotaka kusoma majina yote kwenye simu yako tayari inajua pa kukubana: ukichelewa kidogo, ujumbe unamfikia bosi wako na mama mkwe.

Tabia nyingine ni ya kuchosha kidogo kuisimulia, lakini inaokoa: kuzipangia mapema gharama unazozijua. Ada ya Januari si dharura, maana Januari huja kila mwaka. Kodi ya nyumba ya 100,000 inayolipwa kwa miezi sita ni 600,000 kwa mkupuo, na anayetenga takriban 23,000 kila wiki huwa nayo mwenye nyumba anapogonga mlango. Dharura ni mtoto kulazwa usiku. Hiyo nayo ina fungu lake, hata likiwa dogo, mbali na laini ya simu unayolipia bando na vocha.

Mfanyabiashara naye ajilipe posho inayojulikana. Droo ya duka ikiwa ndiyo pochi ya nyumbani, mtaji unaliwa kidogo kidogo, na anayekopa kuurudisha hajui hata uliishia wapi. Vikoba ni vizuri, nami ni mwanachama, ila vingine humsukuma kila mtu akope ili gawio linone. Kukopa kwa sababu zamu imefika ni kukopa bila kazi ya fedha hiyo.

Kwa ambaye tayari amenasa, usifunike deni kwa deni. Orodhesha unaowadai na wanaokudai kwenye karatasi moja, mwonyeshe mwenza wako, kisha mfuate mkopeshaji kabla ya tarehe ya rejesho ukiwa na daftari la mauzo, uombe marejesho yapangwe upya. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe, na nakala ibaki kwako.