Maana ya gari la kale "linalohitaji kurejeshwa barabarani"

Anayeuza gari la kale la anasa la milango miwili, kama vile Jaguar XJ-S iliyoundwa kuanzia 1975 hadi 1996, mara nyingi hulitangaza kuwa limemilikiwa na mtu mmoja na linahitaji kurejeshwa barabarani. Maneno hayo yana maana mahususi, na muuzaji huwajibika kwayo.

Kurejesha barabarani si kuunda upya. Gari la kuundwa upya limechakaa, bodi yake imeliwa na kutu na injini inahitaji kufumuliwa. La kurejeshwa barabarani ni zima, ila limelala kwa miaka, na kazi iliyopo ni kuondoa madhara ya huko kulala. Petroli iliyokaa huharibika na kuacha utando unaonata ndani ya tangi, pampu na kabureta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, hivyo pistoni za breki hushika kutu na kukwama. Mabomba ya mpira hukauka na kupasuka. Matairi nayo huzeeka hata yasipotembea: tarakimu nne za mwisho wa namba iliyo ubavuni, kwa mfano 2304, humaanisha kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2004, na tairi la umri huo halifai kwa safari hata kama linaonekana jipya.

Kwa sababu hiyo, kufunga betri mpya na kuliwasha gari ili kumpendeza mnunuzi ni kosa kubwa, kwani kuta za silinda huwa zimekauka na uchafu wa tangini huvutwa hadi kwenye injini. Fundi mwangalifu humwaga kwanza petroli ya zamani, hutia mafuta kidogo ya injini kupitia matundu ya plagi, kisha huizungusha injini kwa mkono, taratibu, ili ajue kama imekwama. Muuzaji asiyeweza kugharimia kazi hiyo ni heri aliuze gari likiwa limelala, aandike waziwazi mwaka lilipotembea mara ya mwisho na kwamba halijajaribiwa tangu hapo.

Kwangu mimi, swali lenye uzito kuliko yote ni kwa nini gari lililazwa. Gari lililowekwa kwa sababu mwenyewe alizeeka akaacha kuendesha halifanani hata kidogo na lile lililoegeshwa baada ya giaboksi kuharibika na gharama ya kuitengeneza kumshinda. La pili halihitaji kurejeshwa barabarani tu, linahitaji matengenezo makubwa, na kulificha jambo hilo chini ya maneno laini ni udanganyifu.

Kuhusu mmiliki mmoja, maana yake ni kwamba hati za usajili zina jina moja tangu gari liliponunuliwa jipya. Haimaanishi kwamba dereva alikuwa mmoja, wala kwamba limetembea kilomita chache. Thamani ya sifa hiyo imo katika karatasi: ankara ya ununuzi, daftari la sevisi, risiti za mafundi zenye tarehe na kilomita, na namba za chesisi na injini zinazolingana na hati. Warithi wanaouza gari la marehemu wasiharakishe kuitupa bahasha ya risiti kuukuu, kwa kuwa humo ndimo mnunuzi atakapothibitisha kwamba kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ni za kweli.