Breki ya mkanda ina upande wake

Fundi mwingine tena kaniambia breki ya winchi, mashine ya kuinua na kushusha mizigo, "imechoka." Kakaza mkanda unaokumbatia drami (pipa linalozunguka) mpaka drami likaungua rangi, na mzigo bado unateremka. Mkanda ulikuwa mzima. Ulifungwa kinyume!

Muundo mnaujua: ncha moja ya mkanda kwenye fremu, nyingine kwenye leva, yaani mpini wa kubania. Kinachosahaulika ni kwamba drami nalo huvuta mkanda. Likizunguka kutoka ncha ya fremu kwenda ncha ya leva, fremu ndiyo inayobeba mvuto mkubwa na leva inabaki na mdogo. Msuguano unakusaidia kubana. Geuza mzunguko, leva ndiyo inayoelemewa, na msuguano unapambana na mkono wako.

Tofauti si ndogo. Mkanda uliokumbatia robo tatu ya drami, kwa kipimo cha msuguano (uwiano wa nguvu ya msuguano na nguvu ya kubana) cha 0.3, una mvuto mara 4.1 kwenye ncha iliyokaza kuliko iliyolegea. Vuta leva mpaka ncha yake ibebe kilo 100: upande mzuri unapata kama kilo 310 za kuzuia ukingoni mwa drami. Upande mbaya, 76. Basi nieleweshe, spana itaziba vipi pengo hilo?

Na msiniambie habari ya mkanda mpana. Upana hupunguza shinikizo na kulika kwa bitana (tabaka la ndani ya mkanda linalosugua drami), haubadilishi uwiano huo hata kidogo. Drami kubwa linakupa mkono mrefu zaidi wa kuzuia mzunguko, basi.

Ila hiyo 0.3 yenyewe siiamini sana. Vitabu huiandika kama imechongwa kwenye jiwe, wakati joto, maji na mafuta huisukuma kila siku, na mkanda uko nje unakaribisha vyote. Ikishuka hadi 0.2, zile 310 zinakuwa kama 157: msuguano umepungua theluthi, breki imepungua nusu. Ndiyo maana nikipiga hesabu ya kushika mzigo natumia namba ya chini, na nikipima uimara wa pini ya fremu natumia ya juu. Namba mbili za kitu kimoja. Mwalimu wangu angenuna.

Joto nalo lina kituko chake: drami likitanuka ndani ya mkanda, breki hukaza zaidi, kinyume na breki za viatu vinavyobana drami kwa ndani, ambavyo huachwa nyuma.

Kabla ya kukaza, fungua uangalie bitana. Hulika zaidi penye mvuto mkubwa. Kwenye winchi ya kushushia mzigo, ikiwa imelika zaidi upande wa leva, mkanda umefungwa kinyume: hamisha ncha.